Mfereji Tulioziba Tindigani

Jumapili, 5 Novemba

Mke wa Bujiku. Nimeandika maneno hayo ili nione yanavyokaa kwenye karatasi, na yamekaa vizuri sana. Tulifunga ndoa Jumamosi ya wiki iliyopita kanisani kwetu Masumbwe, jana tumefika hapa kijijini kwao, nje kidogo ya Samuye, na kuanzia leo hapa ndipo kwetu. Bujiku amejinyoosha kwenye mkeka karibu yangu, amesinzia mdomo wazi, na hata hivyo sijapata kuona mwanaume mzuri kama yeye.

Nilikuwa nauza chakula kwa shangazi pale Masumbwe stendi, naye akapita akitoka machimboni Geita, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alionja wali akasema, "Dada, hapa mnaogopa chumvi?" Nikamjibu kwamba asiyeridhika aende jikoni akapike mwenyewe. Akaenda kweli! Kesho yake akarudi tena, na siku iliyofuata, mpaka shangazi akasema huyu Msukuma hafuati wali.

Ameniahidi kwamba harudi tena kwenye maduara. Duara ni shimo la dhahabu, refu kwenda chini, na moja liliwahi kuporomoka wenzake wakiwa ndani. Yeye alikuwa amepanda juu kunywa maji. Aliponisimulia hayo nilimshika masikio yote mawili nikamwambia, "Wewe utafuga ng'ombe, na utakufa mzee, ukinisumbua." Akacheka, akakubali.

Jumatano, 8 Novemba

Leo amenipeleka kuona tindiga. Alinishika mkono njia nzima. Watu walitucheka, hakuachia.

Amelitaja bonde hili tangu tulipojuana, kwa hiyo nilitegemea maji na majani. Nimeona uwanja mweupe, kana kwamba mtu alianika unga wa sembe akasahau kuanua. Nilipokanyaga, ukoko ulivunjika chini ya kandambili zangu. Wasukuma wanauita udongo huu ibambasi, udongo mgumu wa chumvi usiotaka kunywa maji.

Bujiku anasema utotoni mwake mvua ikinyesha maji yalitanda bonde zima, yakakaa, yakaizamisha chumvi chini. Yakipungua yaliacha majani mafupi yanayotambaa ardhini, yenye ladha ya chumvi, na ng'ombe waliyapenda kuliko chakula chochote. Kiangazi, kwingine kote kukikauka, hapa palikuwa kijani. Ilikuwa ngitili ya kijiji: inafungwa mvua zinapoanza, mfugo hauingii, halafu wanaume wanakutana baada ya mavuno na kuifungua.

Kisha baba mdogo Tarsisi, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, akachimba mfereji ili ateremshe maji kwenye majaruba yake ya mpunga huko chini. Tangu hapo maji hayakai. Yanakimbia mferejini, jua linapiga, chumvi inapanda juu, majani yanakufa. Kila mwaka weupe unasogea.

"Bila tindiga ng'ombe wetu hawavuki kiangazi," Bujiku akasema.

"Na wasipovuka?"

Akatazama upande wa magharibi, Geita iliko. Sikupenda alivyotazama.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo wanaume wamekaa dagashida, ndiyo baraza lao la kijiji. Sisi wanawake tulikuwa tunapika karibu, na hakuna aliyetukataza kuwa na masikio.

Baba mdogo Tarsisi alitaka tindiga lote ligawanywe liwe majaruba. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe wengi. "Mnalilia majani yaliyokufa," alisema. "Mpunga unaliwa. Chumvi hailiwi."

Bujiku wangu akasimama. Niliacha kusonga ugali nisikilize. Aliomba aachiwe mvua hizi tu. Aruhusiwe kuziba mfereji, na siku ya kufungua ngitili ng'ombe wakikosa malisho mle ndani, mfereji ufunguliwe na kila mtu achukue jaruba lake.

Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Mwisho mwenyekiti akasema iwe hivyo, na wote wakashuhudia.

Kwa hiyo nimeandika hapa ili nisijidanganye. Majani yakirudi, mume wangu anakaa nyumbani. Yasiporudi, ng'ombe watauzwa na yeye atarudi shimoni. Sitaki. Nitabeba udongo kwa meno ikibidi.

Jumamosi, 25 Novemba

Tumeziba! Mikono yangu imechubuka na ninafurahi mno.

Bujiku ameziba mfereji kama anavyoujua ulimwengu, yaani kichimbaji. Alikata magogo akayasimamisha pande zote mbili, ndiyo matimba wanayotumia kuzuia kuta za shimo, akayafunga kwa kamba, katikati tukapanga viroba vya udongo wa mfinyanzi, kisha tukashindilia kwa miguu. Mimi nilishindilia nikiimba kwaya yote ya kwetu, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Alipomaliza alipitisha kiganja kila mahali kutafuta upenyo.

"Hata tone halipiti hapa," alisema.

Baba mdogo alikuja akasimama ukingoni na fimbo yake mabegani. Nikapiga goti, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba, akamgeukia Bujiku kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mwanaume.

"Ngosha, unatafuta dhahabu au unazika mtu?"

"Nazika mfereji wako, baba mdogo."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, ila macho yake hayakucheka. Namwona kama mtu mwenye roho mbaya, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 30 Novemba

MVUA! Tumeloa wote wawili kwa makusudi.

Jumapili, 10 Desemba

Maji yametanda bonde zima. Weupe hauonekani tena. Asubuhi korongo wa taji wametua, wawili wawili, wakitembea kama maharusi ukumbini. Nilimwambia Bujiku yule anayeringa ni mimi. Akasema hapana, mimi ni yule anayepiga kelele.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Misa, pilau, mvua. Mama mkwe wangu, Mama Paskazia, ambaye namwita Mayu kama wanavyomwita watoto wake, amenipa khanga. Nimelia, naye akaniuliza kama kwetu Masumbwe watu hulia wakipewa vitu.

Jumamosi, 13 Januari

Redio inasema mvua za mwaka huu ni kubwa kuliko kawaida. Hatuhitaji redio. Maji yamefika kwenye njia ya ng'ombe.

Kuna jambo halinipendezi. Pembezoni mwa tindiga kulikuwa na majani machache ya asili yaliyobaki hai, ndiyo tuliyotegemea yasambae. Sasa yamezama na yamegeuka manjano. Nilivuta moja likatoka laini kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Maji yananuka yai bovu.

Jumanne, 16 Januari

Mvua. Bujiku ameongeza viroba.

Alhamisi, 18 Januari

Matete yameanza kuchipua kwenye kina. Matete! Ng'ombe gani anakula matete?

Baba mdogo alipita nilipokuwa nateka maji, akauliza mbele ya watu, "Mkwe, samaki wako unauzaje?"

Mayu akamjibu kutoka mlangoni, "Tarsisi! Unataniana na mkwe wako? Huna haya?"

"Shemeji, mimi nauliza bei tu."

Nilicheka kwa adabu. Ndani nilikuwa nachemka.

Jumapili, 21 Januari

Wiliam amepiga simu. Alikuwa mwenzake Bujiku machimboni. Kumetokea rashi mpya huko Geita, yaani dhahabu imeonekana mahali papya, watu wanamiminika, amemwekea nafasi kwenye duara. Bujiku alimwambia atafikiri. Atafikiri! Alikata simu, akakuta namtazama.

"Nilisema vile ili anyamaze," alisema.

Namwamini. Lakini baada ya hapo alikwenda kukaa peke yake juu ya kizibo chetu, anatazama yale maji yaliyosimama.

Jumatatu, 29 Januari

Siku ndefu, na nitaieleza yote.

Asubuhi nilizunguka tindiga peke yangu. Upande wa njia ya ng'ombe ardhi imeinuka kidogo. Hapo maji yanapanda mvua ikinyesha, siku zinazofuata yanarudi nyuma. Na hapo hapo, kwenye udongo uliokuwa mweupe Novemba, nimekuta vikonyo vya yale majani yetu vinatambaa, kila fundo limeshika mzizi. Vichache, lakini vya kijani kweli! Nilipiga kelele korongo wakaruka.

Kwa nini hapa na si kule? Nikachukua udongo wa pale nikauweka ulimini. Chumvi ipo, lakini kidogo, kama ya mboga. Nikaingia majini mpaka mapajani, nikachota udongo wa chini katikati. Huo ulinikunja uso. Basi nikaenda kwenye kizibo. Kona moja kiroba kimelegea na maji yanavuja nje, uzi mwembamba tu. Nikayakinga kwa kiganja nikayaonja. Ya chumvi!

Nilikaa chini nikafikiri kama mtu aliyeketi kwenye mtihani. Maji yakikaa tu, chumvi inakaa nayo. Jua likiyanywa, chumvi inabaki pale pale. Yakikimbia mferejini kama mwaka jana, hayapati muda wa kuiyeyusha. Inabidi yaje, yatande, yapumzike, halafu yaondoke polepole yakiwa yameibeba. Kabla ya mfereji huenda yalijipenyezea yenyewe kwenda chini; sasa tindiga linataka mlango. Sisi tumelijengea ukuta.

Sasa, wakati naonja udongo wa njia ya ng'ombe kwa mara nyingine ili nihakikishe, Mayu alikuwa anapita na kuni. Alisimama. Alinitazama kinywani. Akatua mzigo, akapiga vigelegele.

"Mayu, siyo..."

"Kula, mwanangu, kula! Mimi wakati wa Bujiku nilimaliza kichuguu!"

Nilipofika nyumbani nilikuta kuku amechinjwa na mama mdogo Salvina, mke wa baba mdogo, ameshaleta maziwa. Nimewaeleza kwamba nilikuwa naonja chumvi, sina mimba. Mama Salvina alinipiga bega akasema, "Ndiyo, ndiyo, sisi sote tulikuwa tunaonja chumvi." Kuku nimemla. Ningefanyaje?

Jumanne, 30 Januari

Ugomvi wetu wa kwanza. Nilidhani sisi hatutakuwa nao.

Nilimweleza Bujiku kwamba lazima tupunguze kizibo, tutoe viroba vya juu katikati ili maji yapate njia. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akasema, "Noela, kwenye duara maji yakipita, umekufa. Nimejenga hivyo tangu nikiwa kijana. Sijengi kitu ili kivuje."

"Hapa siyo kwenye duara, mume wangu."

"Wewe umekuja juzi."

Juzi! Nilimjibu kwamba ulimi wangu haukuja juzi, nimezaliwa nao. Nilitaka acheke. Hakucheka. Alisema nikitoboa kizibo mbele ya Tarsisi, kijiji kizima kitasema tumeshindwa na hatujafika hata Machi.

Nikaelewa kwamba haogopi maji. Anaogopa baba mdogo. Sikumwambia.

Alhamisi, 1 Februari

Hatujaongea, isipokuwa "chumvi" na "asante".

Jumapili, 4 Februari

Vivyo hivyo. Niliimba kwaya vibaya.

Jumatano, 14 Februari

Mwaka huu Siku ya Wapendanao imeangukia Jumatano ya Majivu. Nilisema kimoyomoyo, basi, hata kalenda imetununia.

Tulitoka kanisani na majivu kwenye paji la uso. Bujiku hakushika njia ya nyumbani, alishika ya tindigani. Nikamfuata nyuma bila kuuliza. Kwenye kizibo alipiga magoti kwenye ile kona inayovuja, akakinga kiganja, akaonja. Akatema. Akaingia majini na suruali yake ya kanisani, akazamisha mkono, akaleta udongo wa chini akauonja pia, kisha wa njia ya ng'ombe. Midomo yake ilikuwa imechafuka kama ya mtoto.

"Umesema kweli," alisema. "Mke wangu, umesema kweli, na mimi nimekununia wiki mbili kwa kweli hiyo."

Halafu akashika kiroba cha juu cha katikati akakivuta, akanikabidhi mimi. Wenzangu wengine leo wamepewa maua. Mimi nimepewa kiroba cha tope chenye uzito wa ndama, na sijawahi kupokea zawadi nzuri kama ile. Tulitoa kimoja kimoja, tukipumzika katikati kutazama, mpaka maji yakaanza kupita kwa utaratibu, unene wa mkono.

Nimekosa kufunga. Nilikula mdomo wa mume wangu wenye tope. Nitaungama.

Jumapili, 3 Machi

Maji yanashuka. Majani ya zamani mengi yameoza. Wiki zote zile za Desemba na Januari tumezipoteza kwa ukuta wetu. Matete tunayang'oa kwa mkono. Hatukati tamaa.

Jumamosi, 16 Machi

Jana nusura tupoteze kila kitu.

Mvua ilianza asubuhi na haikunyesha kama mvua, ilimwagwa. Kufika saa sita maji yalikuwa yanapita kwenye mlango wetu kwa mngurumo, na yalikuwa yanakula udongo wa pembeni. Timba moja lilianza kuinama. Bujiku akapiga kelele nilete viroba. Nilikimbia, nikaanguka, nikakimbia tena. Tulikuwa tunaweka kiroba, maji yanakisukuma. Tunaweka kingine, kinakwenda. Mayu alikuja na magunia ya kuvunia, akajaza tope kwa bakuli la ugali.

Kama kizibo kingeng'oka, maji ya tindiga lote yangeteremka kwa mpigo mmoja. Chini kuna mpunga wa baba mdogo, umeanza kutoa masuke.

Nikamwona anakuja, amevua shati, jembe mkononi. Nilidhani anakuja kutubomolea. Kweli nilidhani hivyo, nikamzuia njia nikiwa nimekumbatia kiroba.

"Baba, tafadhali..."

"Nipishe, mkwe! Unataka niogelee kwenye mpunga wangu?"

Akaruka mferejini chini ya kizibo, maji yakampiga kifuani, akaegemeza mgongo wake kwenye lile timba lililoinama. Mgongo wake! "Bujiku! Mawe, siyo udongo! Mawe mbele ya mlango, maji yaangukie mawe!"

"Mawe yako wapi?"

"Jiko la shangazi yako Salvina lina mafiga, kalete! Na yale ya zizini!"

"Mama yangu mdogo yule, siyo shangazi!"

"Leta mawe, mjinga wewe, nasaba baadaye!"

Tulicheka, jamani. Tunakaribia kusombwa na tulicheka. Mama Salvina mwenyewe alileta mafiga yake kichwani, yakiwa bado ya moto upande mmoja, akilalamika kwamba watakula nini. Tulipanga mawe, maji yakaanza kuangukia juu yake na kupoteza nguvu. Mvua ilipopungua alasiri, mlango ulikuwa umebaki na kizibo kimesimama.

Baba mdogo alitoka majini anatetemeka. Nilimvika khanga yangu ya Krismasi. Alikaa akiitazama ile khanga, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mwaka jana wakati huu majaruba yangu yalikuwa yamekauka. Maji yalikuja yote mara moja, yakaisha. Mwaka huu yanakuja kidogo kidogo." Akaivuta khanga mabegani. "Lakini sijasema neno."

"Hujasema, baba," nikamwitikia.

Nilikosea kumhukumu. Ni mkaidi, na mimi ni mkaidi, na Bujiku pia. Nimeolewa kwenye ukoo unaonifaa.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mayu bado ananitazama tumbo. Nimemwambia asubiri.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua zinaaga. Maji yamejikusanya katikati, na pembeni kote udongo unatoka, mweusi na unaong'aa. Siyo mweupe!

Jumapili, 12 Mei

KIJANI. Tulikwenda baada ya misa. Vikonyo vinatambaa kutoka njia ya ng'ombe kuelekea katikati kama watoto walioruhusiwa kutoka shule. Bujiku alinibeba mgongoni ili nisivikanyage, halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye anayevikanyaga.

Jumapili, 16 Juni

Wiliam kapiga tena. Bujiku alimwambia, "Mimi nina kazi." Basi. Nilimpikia maharage ya nazi, ingawa nazi huku ni ya kutafuta kwa tochi.

Ijumaa, 28 Juni

Kesho ni dagashida ya kufungua ngitili. Kutoka mbali tindiga ni kijani tupu na watu wanatupongeza njiani. Mwenyekiti mwenyewe kasema, "Mmeshinda." Ng'ombe wa kijiji wameanza kukonda, wenyewe wanahesabu saa.

Alasiri tulikwenda kuyaangalia kwa karibu, na nilifanya kitu ambacho natamani nisingekifanya. Nilishika jani kwa vidole viwili, kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika, nikavuta. Likang'oka zima na mzizi wake. Nikajaribu lingine. Likang'oka. Bujiku akajaribu hatua chache mbele, vivyo hivyo. Udongo bado ni laini, mizizi ni mifupi kama kucha. Yamechelewa kuota kwa sababu ya ule ukuta wetu wa Desemba.

Ng'ombe wakiingia kesho, wiki moja itatosha. Watang'oa yote, kwato zitavuruga tope, na mvua zijazo zitakuta uwanja ule ule mweupe.

Tulikaa chini, yale majani mikononi mwetu.

"Tukinyamaza," Bujiku akasema, "tumeshinda. Sharti lilikuwa ng'ombe wapate malisho siku ya kufungua. Malisho yapo."

"Ya wiki moja."

"Na tukisema hayajakomaa, tumeshindwa kwa mdomo wetu. Wanafungua mfereji, na mimi..."

Nilimtazama mume wangu, masikio yake, kovu la machimboni kidevuni, na nilitaka sana kusema tunyamaze. Tungepata mwaka mmoja wa raha. Nikamwambia, "Nenda kaseme."

"Utakuwa tayari?"

"Siko tayari. Kaseme."

Jumamosi, 29 Juni

Alisema. Alikwenda na wanaume wote wa dagashida tindigani, akawaambia kila mwanaume ashike jani alivute. Walivuta. Majani yakang'oka, zikapanda kelele.

"Basi masharti yameshindikana!" mmoja akapaza sauti. "Mfereji ufunguliwe!"

Wakamtazama baba mdogo, kwa sababu mfereji ni wake na ushindi ulikuwa wake. Alikuwa amechuchumaa, anachimbua mzizi kwa ukucha.

"Mfereji huo nilichimba mwenyewe," alisema. "Mwaka huu nimevuna mpunga mwingi kuliko mwaka wowote, na ulikuwa umezibwa. Sasa nani ananiambia nifungue?"

Yule aliyepaza sauti akarudi nyuma ya wenzake.

"Ila kuna jambo," akaendelea, na ile sauti ya kuswagia ng'ombe ikarudi. "Mkisema ngitili ibaki imefungwa mpaka mvua zijazo, kila mtu hapa ng'ombe wake watalala njaa au watahama. Hatutaki baadaye tusikie wa Bujiku wanaingizwa kwa siri. Wa kwanza kuondoka kijijini wawe wa Bujiku, na aondoke nao mwenyewe. Wasirudi mpaka mvua."

Lilikuwa jambo la haki. Ndiyo maana liliuma. Bujiku aligeuka akanitafuta kwa macho kati ya wanawake. Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua nikifungua mdomo nitasema neno tofauti.

"Nitawapeleka Masumbwe kwa wakwe zangu," akasema. "Huko majani yapo."

"Na tindiga nani ataliangalia?" mwenyekiti akauliza. "Nani atatoa viroba na kurudisha, mvua zikiwahi?"

Mayu akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Si yuko mla udongo!"

Wakacheka wote, na ikapita hivyo. Mlinzi wa tindiga ni mimi.

Alhamisi, 4 Julai

Ameondoka asubuhi. Siyo shimoni. Narudia kuandika ili nisome tena: siyo shimoni. Anakwenda kwa mama yangu, ambaye atamnenepesha kuliko ng'ombe wenyewe. Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa, nikamfunga skafu shingoni kwa sababu ya vumbi. Aliniambia nisilie mbele ya ng'ombe, watashtuka. Nikalia mbele yao. Hawakushtuka.

Jumanne, 9 Julai

Nimefukuza mbuzi tindigani, nikawarushia madongo mpaka kwa mwenye nao. Walikuwa wa kwetu. Mayu amenuna. Kesho naweka uzio wa miiba.